JOHN BOYD ORR: DAKTARI WA MAHANDAKINI ALIYEITAFUTIA DUNIA GHALA

Wazee wetu walisema adui mwombee njaa. Waliosema hivyo walikuwa watu wenye kujua vita, kwani tangu zamani majemadari wamezingira miji na kungoja njaa iifanye kazi ambayo mkuki umeshindwa kuifanya. Leo twapenda kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na wa polisi maisha ya mtu mmoja aliyevaa sare kama wao, akaiona njaa kabla ya vita, akaiona vitani, akaiona tena baada ya vita, na mwishowe akakata shauri kwamba njaa ni adui wa pande zote mbili. Mtu huyo ni John Boyd Orr, Mskoti, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, lijulikanalo kwa herufi za FAO. Jina lake halitajwi sana katika kambi zetu. Hata hivyo, mradi wowote wa shirika hilo unaoleta mbegu, chanjo ya mifugo au mafunzo ya kuhifadhi udongo katika vijiji tulikozaliwa umepita katika mlango alioufungua yeye.

Orr alizaliwa tarehe 23 Septemba 1880 katika kijiji cha Kilmaurs, magharibi ya Scotland, akiwa mmoja wa watoto saba. Baba yake alikuwa na machimbo ya mawe, naye alikuwa mtu wa dini sana. Mtoto alipofika umri wa miaka mitano, baba alipoteza meli baharini, na hasara hiyo ikailazimisha familia kuuza nyumba yao na kuhamia West Kilbride, kijiji cha pwani. Alipokuwa na miaka 13 alipelekwa kusoma mjini Kilmarnock, lakini huko akapendelea kukaa na wachimba mawe na kujifunza lugha yao, ambayo haikuwa lugha ya kusemwa mbele ya wazazi. Baada ya miezi michache akarudishwa kijijini, na alipotimiza miaka 14 akawekwa kuwa mwanafunzi anayefundisha wadogo zake darasani. Kwa bidii yake akapata msaada wa masomo, akaenda Glasgow kusomea ualimu na kuingia Chuo Kikuu.

Glasgow ya wakati ule ilikuwa mji wa viwanda na meli, tena mji wa utajiri mwingi. Nyuma ya utajiri huo palikuwa na mitaa ambamo watu walirundikana katika vyumba vyenye giza. Mwaka 1902 Orr alipewa kazi ya kufundisha katika mojawapo ya mitaa hiyo. Siku ya kwanza alikuta darasa limejaa watoto waliovaa matambara, wenye chawa vichwani, waliodhoofu, na wengine waliokuja shule bila kutia kitu chochote tumboni. Alijaribu kuwafundisha kwa siku chache, kisha akajiuzulu. Aliona wazi kwamba hesabu na herufi haziingii katika kichwa cha mtoto mwenye njaa, na kwamba mwalimu anayeendelea kusomesha kana kwamba haoni anajidanganya mwenyewe. Akafundisha miaka mitatu mahali pengine, penye nafuu, lakini watoto wale hawakumtoka moyoni. Akarudi Chuo Kikuu kujifunza elimu ya viumbe na utabibu, akapata shahada ya udaktari mwaka 1912, akiwa mtu mzima wa miaka 32. Kwa muda wa miezi minne akawa daktari wa meli iliyofanya biashara kati ya Scotland na Afrika ya Magharibi, kisha akaacha matibabu ya kila siku na kugeukia utafiti wa chakula.

Mwezi wa Aprili 1914 aliteuliwa kuongoza taasisi mpya ya utafiti wa lishe ya wanyama mjini Aberdeen. Alipofika alikuta taasisi hiyo ipo katika karatasi tu. Wakubwa wake walidhani kibanda cha mbao kingetosha. Orr akachora ramani ya taasisi kubwa, na fedha kidogo alizopewa akazijengea chumba cha mawe magumu ya itale, ili siku moja kiwe sehemu ya jengo hilo kubwa. Kazi ilikuwa imeanza tu, vita kuu ya kwanza ikazuka, naye akaomba ruhusa ya kujiunga na jeshi.

Hapa twaomba wasomaji wetu wenye sare watusikilize kwa makini. Kwanza Orr aliwekwa katika kazi ya usafi wa makambi, akapigania maji safi, vyoo na utaratibu wa afya, akazuia magonjwa mengi yasiyokuwa na lazima. Baada ya miezi 18 akapelekwa mstari wa mbele kule Ufaransa, akawa daktari wa batalioni ya kwanza ya kikosi cha Sherwood Foresters. Huko alitambaa katika mashimo yaliyochimbwa na mizinga, akiwafunga majeruhi vidonda huku risasi zikipita. Baada ya mapigano ya Somme ya mwaka 1916 alitunukiwa nishani ya Military Cross, na baada ya Passchendaele, mwaka 1917, akatunukiwa Distinguished Service Order.

Ushujaa huo waliuonyesha wengi. Lakini Orr alifanya jambo jingine ambalo si wengi waliolifikiria. Aliona kwamba posho ya askari ilikuwa nyama ya kopo na biskuti ngumu siku nenda siku rudi, na kwamba mtu aliye katika hali hiyo hudhoofika kabla adui hajamgusa. Karibu na mahandaki palikuwa na bustani na mashamba yaliyoachwa na wakulima waliokimbia. Orr akawa anakusanya mboga za huko na kuzitia katika chungu cha batalioni. Tena, kwa sababu askari walisimama majini mchana na usiku hata miguu yao ikaanza kuoza, yeye mwenyewe alisimamia ugawaji wa viatu na kuhakikisha kila mtu anapata kiatu kilichozidi mguu wake kwa nambari moja, ili damu ipate kutembea. Yasemekana kwamba vikosi vingine vilipokuwa vikipeleka wagonjwa hospitali kila siku, yeye hakuwa na haja ya kumpeleka hata mtu mmoja kwa magonjwa ya namna hiyo. Hakuwa na dawa mpya wala mashine. Alikuwa na mboga, viatu, na mazoea ya kuyatazama maradhi kabla hayajafika.

Baadaye aliomba ahamishiwe jeshi la majini ili apate nafasi ya kusoma, akakaa kwa muda katika manowari iitwayo Furious. Kisha akaitwa kuchunguza mahitaji ya chakula cha askari. Vita ilipokwisha alirudi Aberdeen, na mwaka 1920 akakutana na mfanyabiashara tajiri, John Quiller Rowett, aliyekubali kutoa fedha nyingi kwa sharti moja. Rowett alitaka kwamba, endapo utafiti wa wanyama utavumbua jambo lenye faida kwa binadamu, jambo hilo lifuatwe mpaka mwisho wake. Taasisi ya Rowett ikafunguliwa rasmi mwaka 1922.

Sharti hilo ndilo lililomleta Orr katika nchi zetu. Katika miaka ya 1920 alifika Kenya, iliyokuwa koloni la Uingereza, kutazama malisho ya ng'ombe. Katika Bonde la Ufa, upande wa Nakuru, palikuwa na ng'ombe waliokonda na kufa ingawa nyasi zilikuwa tele. Uchunguzi wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba nyasi zile zilikosa madini fulani kwa sababu udongo wenyewe uliyakosa. Wafugaji wetu walijua tangu kale kuwapeleka ng'ombe kwenye chumvi ya ardhi, wala hawakungoja maabara iwafundishe. Orr alijifunza humo kwamba udongo maskini huzaa nyasi maskini, na nyasi maskini huzaa mnyama maskini, naye hakuona sababu ya kuamini kwamba binadamu amewekwa nje ya mnyororo huo.

Pamoja na daktari Gilks, mkuu wa idara ya tiba ya Kenya, alisimamia uchunguzi wa afya ya Wamasai, waliokula maziwa, nyama na damu, na ya Wakikuyu, waliokula zaidi nafaka, viazi na jamii ya kunde. Ripoti yao ilitolewa mwaka 1931. Ilisema kwamba kwa wastani mwanamume wa Kimasai alimzidi mwenzake wa Kikikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito, na kwamba kila upande ulikuwa na maradhi yake yatokanayo na chakula chake. Lazima tuseme kweli juu ya ripoti hiyo. Wataalamu wa baadaye waliikosoa, kwani urefu wa mtu hurithiwa pia, na vyakula vya Wakikuyu vilikuwa vya namna nyingi kuliko ilivyoandikwa. Zaidi ya hayo, ilikuwa vigumu kusema juu ya chakula cha watu bila kusema juu ya ardhi waliyonyang'anywa na walowezi na juu ya posho ya mahindi matupu waliyolishwa vibarua mashambani. Serikali ya kikoloni haikutaka kusikia habari za ardhi. Hata hivyo jambo moja lilidhihirika, nalo ni kwamba tumbo laweza kujaa na mwili ukabaki na njaa.

Aliporudi kwao, Orr aliwageukia watoto wale wale aliowaacha darasani mwaka 1902. Wakati ule wafugaji wa Uingereza walikuwa na maziwa yaliyokosa wanunuzi, na huku watoto wa maskini hawakuyaonja. Mwaka 1927 alisimamia jaribio katika miji ya Scotland na katika mji wa Belfast, watoto wa shule wakapewa maziwa kila siku, wakapimwa. Waliopewa walikua upesi zaidi na afya yao ikawa bora. Jambo hilo lilisaidia kuleta mpango wa mwaka 1934 wa kuwauzia wanafunzi maziwa kwa bei rahisi, na mwaka 1946 sheria ya kuwapa bure. Mwaka 1936 alitoa kitabu kilicholinganisha chakula, afya na mapato ya wananchi wa Uingereza, kikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya watu wa dola hiyo tajiri hawakuwa na fedha za kununua chakula kinachotosha kwa afya. Serikali haikufurahi. Lakini hesabu zilikuwa hesabu, na hakuna waziri aliyeweza kuzifuta.

Vita kuu ya pili ilipofika, wale waliomwona msumbufu walimhitaji. Orr aliingia katika kamati ya wataalamu walioishauri serikali juu ya chakula, akashikilia kwamba ugawaji kwa kadi ufuate mahitaji ya mwili. Mama wajawazito na watoto wadogo wakatangulizwa kupata maziwa, na vyakula vya lazima vikawekewa bei ambayo maskini aliiweza. Jambo la ajabu likatokea: nchi ikiwa chini ya mabomu, na manowari za adui zikizamisha meli za ngano, afya ya watoto wa maskini ilipata nafuu kuliko ilivyokuwa wakati wa amani. Lakini vita hiyo ilimtoza Orr pia. Mwanawe wa pekee wa kiume, Donald Noel, aliuawa akiwa katika utumishi wa vita. Tangu hapo, aliposema kwamba lazima dunia itafute njia ya kuziondoa sababu za vita, alisema akiwa baba aliyefiwa.

Mwezi wa Mei 1943, vita ikiwa bado yaendelea, serikali 44 zilikutana Hot Springs, Marekani, kuzungumza juu ya chakula cha dunia baada ya vita. Orr hakualikwa katika ujumbe wa nchi yake. Tarehe 16 Oktoba 1945, mjini Quebec, Kanada, FAO ikazaliwa rasmi. Safari hii alikwenda, lakini akiwa mshauri asiye na cheo. Wajumbe walipokwisha kumsikiliza wakamchagua awe mkurugenzi mkuu wa kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 65, umri ambao wengi hustaafu.

Alikuta dunia imechoka, mashamba ya Ulaya na Asia yameharibika na maghala ni matupu. Mwaka 1946 alifanya mambo mawili. La kwanza lilikuwa hesabu ya chakula cha dunia, iliyohusu nchi 70, ikaonyesha kwamba hata kabla ya vita zaidi ya nusu ya binadamu waliishi katika nchi ambazo chakula chake hakikutosha kumpa kila mtu kalori 2,250 kwa siku. La pili lilikuwa kuanzisha Baraza la Kimataifa la Chakula cha Dharura, lililogawanya nafaka, mafuta na mbolea kati ya mataifa kwa kufuata haja. Baraza hilo halikuwa na askari hata mmoja wa kulitia nguvu. Liliwategemea watu kukubaliana tu, nao kwa sehemu kubwa wakakubaliana.

Ndipo Orr alipotoa shauri lililokuwa kilele cha maisha yake. Mwezi wa Septemba 1946, mjini Copenhagen, aliyaomba mataifa yaunde Bodi ya Chakula ya Dunia. Bodi hiyo ingenunua nafaka bei inapoanguka na kuuza bei inaporuka, ili mkulima asifilisike na mlaji asife njaa. Ingeweka akiba ya dharura kwa mwaka wa ukame. Ingepeleka ziada ya nchi zenye kushiba kwa nchi zenye upungufu kwa masharti nafuu. Tena ingesaidia kupata mikopo ya muda mrefu, ili nchi maskini zijenge mifereji, zihifadhi udongo na kulima vizuri zaidi zenyewe. Wazee wetu husema akiba haiozi, na kwa kweli Orr alikuwa akiiomba dunia iwe na akiba moja.

Mkutano ulilikubali shauri hilo kwa maneno. Lakini ilipofika saa ya kutoa fedha na mamlaka, wakubwa walirudi nyuma. Marekani haikutaka biashara ya chakula isimamiwe na chombo cha kimataifa, na Uingereza, iliyonunua chakula kingi kutoka nje, iliogopa kulipa bei kubwa zaidi. Urusi haikuwa mwanachama. Mwanzoni mwa mwaka 1947, Washington, Bodi ikazikwa, na mahali pake pakawekwa baraza la kutoa ushauri tu. Orr aliondoka katika cheo chake mwezi wa Aprili 1948, akijua kwamba ameshindwa katika jambo alilolitaka kuliko yote. Mwaka 1949 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, akazitoa fedha zake kwa vyama vilivyotafuta amani na umoja wa dunia. Mwaka huo huo akafanywa kuwa bwana wa daraja ya juu nchini mwake. Aliendelea kusafiri, kuandika na kuonya juu ya udongo unaochakaa mpaka uzeeni. Alifariki nyumbani kwake Scotland tarehe 25 Juni 1971, akiwa na miaka 90.

Je, tuseme kazi yake ilipotea? Hatudhani hivyo. Mwaka 1961 Umoja wa Mataifa uliunda Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ambalo linafanya sehemu ya kazi aliyoitaka Orr, na ambalo mwaka 2020 lilipewa tuzo ile ile aliyopewa yeye. Mwaka 1977 ukaanzishwa Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, kwa ajili ya mikopo ya wakulima wadogo. Nchi zetu, ambazo mwaka 1945 hazikuwa na kiti Quebec kwa kuwa zilitawaliwa, zilijiunga na FAO mwanzoni mwa miaka ya 1960, zilipopata uhuru. Lakini sehemu iliyokataliwa mwaka 1947, yaani akiba ya pamoja na bei yenye lijamu, haijapatikana hadi leo. Bei zilipolipuka mwaka 1974, mwaka 2008, na tena mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipovuruga ngano na mbolea, hapakuwa na ghala la dunia la kuzituliza. Mwaka 2024 watu wapatao milioni 673 duniani walikuwa na njaa.

Twawaeleza haya ndugu zetu wa jeshi na polisi kwa sababu sehemu ya kazi ya Orr imo mikononi mwao. Wao ndio wanaosindikiza magari ya chakula kwenda makambini kwa wakimbizi, na wao ndio wanaolinda maghala. Wao pia husimama kwenye vizuizi vya barabarani, na kila saa lori la mahindi au la maziwa linapocheleweshwa bila sababu ya haki, mama fulani sokoni huongezewa bei, na mtoto fulani hulala bila kula. Kambi yenye shamba na mboga katika chungu chake inafanya yale yale aliyoyafanya daktari yule kati ya mashimo ya mizinga ya Somme.

Adui mwombee njaa, walisema wazee. John Boyd Orr, aliyepigana vita moja na kumzika mwana katika nyingine, alifikia uamuzi kwamba adui mwenye njaa hubaki adui, tena hupata wenzake. Kwa hiyo aliwaombea wote shibe, na alipoona maombi hayatoshi akaenda kutafuta ghala. Ghala hilo bado halijajengwa, lakini ramani yake aliyoichora tunayo.